Chama Kikibaki na Watu Wanne

Chama hakifi siku moja. Kwanza hupungua wanaokuja mkutanoni, kisha hupungua wanaouliza kwa nini wenzao hawakuja, mwisho hubaki watu wanne na ufunguo wa chumba. Ndivyo kilivyo leo chama chetu cha watumiaji wa Linux hapa Uingereza ninakokaa, nasi yatupasa tuamue: tukivunje au tukiendeleze?

Linux ni programu kuu ya kuendeshea kompyuta. Aliianza mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991, na tangu 1992 yatolewa kwa hati inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuichungua, kuibadilisha na kuigawa. Zamani hizo kuiweka katika kompyuta kulikuwa na taabu. Mtu alibeba kompyuta yake nzima, pamoja na kioo chake, akaileta mkutanoni wenziwe wamsaidie. Siku hizi yawekwa kwa muda mfupi, na mwenye swali hupata jibu kwenye intaneti hali amekaa nyumbani. Waliokuja kwa shida zao zimewaondokea, wakaenda zao. Hapana wa kulaumiwa.

Wala ukubwa si kinga. Boston Computer Society, chama cha watumiaji wa kompyuta huko Marekani, kilianza mwaka 1977, kikapata wanachama zaidi ya 30,000, na mwaka 1996 kikafungwa.

Katika sisi wanne yuko aliyesema tufunge, na akiba iliyobaki tugawane. Hapo nilikataa. Fedha zile walizitoa watu wengi, kidogo kidogo. Wengine wamehama na wengine wamekwisha kufariki. Ni amana mikononi mwetu. Kubaki mwisho hakumfanyi mtu kuwa mrithi. Nawe msomaji, huenda umo katika chama cha kuzikana au cha mtaa, na maneno haya wayajua kuliko mimi.

Tena kazi ingalipo, ila imehama mahali. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha msaada wao wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima hazikubaliwi na Windows 11. Jirani yangu, mama mtu mzima, alikuwa akitaka kuitupa yake. Haikuwa na ubovu wowote! Linux ingeliiendesha miaka mingine kadhaa. Watu kama huyu hawajui kuwa sisi tupo, kwani kwa muda mrefu tumekuwa tukizungumza wenyewe kwa wenyewe.

Basi nilitoa shauri: chumba cha kukodi tukiache, tukae maktaba ya mtaa Jumamosi moja kila mwezi, tuwatengenezee watu mashine zao. Na kabla ya lolote tuwaandikie wanachama wa zamani, kwani nao wana haki ya kuulizwa. Wasipopatikana watatu wa kufanya kazi, tufunge kwa hesabu iliyo wazi, na akiba tuipe maktaba. Mwenzetu wa kugawana hakulipenda hilo, lakini alitia saini.

Barua tumezipeleka kwa wote ambao anwani zao tunazo. Mpaka leo wamejibu saba. Watano wasema tufunge. Wawili wauliza Jumamosi ipi.