Siku Moja Cherry, Kwenye Bahari ya Nyasi

Ukitoka Gordon alfajiri na kushika barabara namba 20 kuelekea mashariki, ardhi ya Nebraska huanza kujikunjakunja mbele yako, kilima nyuma ya kilima, vyote vimevikwa nyasi. Mwezi Juni nyasi ni za kijani kibichi, na upepo ukipita juu yake zinalala na kuinuka kama maji ya kina kirefu. Chini yake ni mchanga. Haya ndiyo matuta ya Sandhills, takribani kilomita za mraba 50,000, na hakuna eneo kubwa zaidi la matuta ya mchanga katika bara zima la Amerika. Nyasi ndizo zilizoyashika yasihame.

Kaunti ya Cherry imejitandaza upande wa kaskazini wa matuta hayo. Peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 15,500, inalizidi jimbo zima la Connecticut lenye watu milioni tatu na nusu na ushei. Cherry, kwa sensa ya 2020, ina watu 5,455. Ng'ombe jike wa nyama ni zaidi ya 150,000, na kwa hesabu hiyo kaunti hii imezoea kuongoza Marekani nzima. Mtu akizisoma tarakimu hizi akiwa mbali atadhani ni nyika isiyo na mwenyewe. Aje apite barabarani aone. Kila pikapu tuliyopishana nayo, dereva aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kunisalimu, na kabla ya saa moja kwisha nami nilikuwa nimeshika desturi hiyo kwa moyo mkunjufu.

Nilifungua madirisha. Harufu ya nyasi zenye umande, ya samadi, na ya mawaridi mwitu yaliyochanua kando ya seng'enge iliingia kwa pamoja. Juu ya nguzo za uzio ndege wenye vifua vya manjano walikuwa wakiimba kwa nguvu inayozidi miili yao. Kati ya Merriman na Valentine simu iliruka saa nzima mbele bila kuniuliza, maana kaunti hii ina majira mawili, ya magharibi na ya mashariki, na wenyeji wakiagana kukutana hutaja kwanza saa ya upande gani.

Cody ni mji wa watu wasiofika 200, na ningekushauri usiupite. Duka lake la vyakula, Circle C Market, lilifunguliwa 2013 katika jengo la marobota ya majani makavu yaliyopigwa lipu, na waendeshaji wake ni wanafunzi wa shule ya hapo. Hao ndio wanaopanga mikebe, kupiga hesabu na kuagiza mizigo. Ukiuliza kitu hawakuelekezi rafu. Wanatoka nyuma ya kaunta na kukusindikiza mpaka kilipo. Ni kati ya mambo bora niliyoyaona katika Marekani ya mashambani.

Valentine, makao makuu, ina karibu nusu ya watu wote wa kaunti. Mji umepewa jina la mbunge wa zamani, lakini umeamua kuwa mji wa mapenzi: mioyo myekundu iko kila unapogeuka, na kila Februari posta yake hupokea barua kutoka pande nyingi ili zigongwe muhuri wa Valentine. Nilikunywa kahawa nyepesi ya Kimarekani, ambayo mhudumu huijaza tena kabla kikombe hakijaisha, pamoja na mkate wa mdalasini uliokuwa bado wa moto, siagi inachuruzika pembeni. Wazee wa meza ya jirani, kofia pana magotini, walitaka kujua nimetoka wapi na, muhimu zaidi, kama huko nilikotoka mvua imenyesha.

Mto Niobrara unapita nje kidogo ya mji. Daraja la zamani la reli, sasa la waendao kwa miguu na baiskeli, linauvuka kwa kimo cha mita 45 hivi juu ya maji, na upepo wa pale utakushikisha kingo kwa mikono miwili. Ukifuata bonde kwenda mashariki unafika maporomoko ya Smith Falls, mita 19, marefu kuliko yote Nebraska. Maji yake hayatoki mlimani. Mvua hunywewa na mchanga, hukaa ardhini katika hifadhi kubwa ya maji ya Ogallala, kisha huchomoza kwenye kingo za bonde, baridi ya kukata vidole. Ubaridi huo umeinusuru miti ya betula, masalia ya enzi za barafu, wakati mita chache tu juu yake misonobari inapigwa na jua kali. Watoto walipita mtoni wakielea ndani ya birika kubwa la duara la kunyweshea ng'ombe, wakanipungia mkono mpaka kona ikawameza. Kupe wapo, jikague kabla ya kupanda gari.

Alasiri nilishika namba 83 kwenda kusini. Hapa kuna vijiziwa vingi, na pampu za upepo zinazovuta maji polepole, kwi, kwi, mpaka kwenye mabirika. Nilisimama kwenye birika mojawapo. Ukingo wake ulikuwa na ukoka wa kijani, kereng'ende wa buluu wametua juu yake, na kilima cha nyuma kilikuwa na kidonda cha mchanga mweupe ambako upepo ulikwisha kung'oa nyasi. Mfugaji alikuwa amekitandika matairi makuukuu ili mchanga usiendelee kutoroka.

Kando ya barabara hiyo kuna kibao cha kumbukumbu ya makazi ya DeWitty. Sheria ya Kinkaid ya 1904 ilitoa hadi ekari 640 kwa kila mlowezi, katika nchi iliyokuwa ya wenyeji wa asili, Walakota, na kuanzia 1907 familia za Wamarekani weusi, wengine wakiwa wamezaliwa utumwani, zilikuja kudai sehemu yao kwenye Mto North Loup. Walijenga nyumba za mabonge ya udongo wenye nyasi, wakawa na kanisa, posta na timu ya besiboli iliyocheza na majirani weupe wa Brownlee. Mchanga haukukubali jembe, na kufikia miaka ya 1930 karibu wote walikuwa wameondoka. Kaunti nzima ilipungua pia. Mwaka 1920 ilikuwa na watu zaidi ya 11,000. Nilikisoma kibao chote mara mbili, mbu wakinila, na sikuona haraka ya kuondoka.

Usiku, nikiwa nimerudi Valentine, nyama ililetwa imejaa sahani, imeungua kidogo nje na laini ndani, chumvi na pilipili manga tu. Mama wa meza ya pili aliposikia nataka kwenda Brownlee kesho yake, alivuta karatasi ya kufutia mikono akanichorea njia. Hakuandika jina la barabara hata moja. Aliandika majina ya koo za wafugaji. Barabara ni ya gari moja, alisema, ukikutana na mtu mmoja wenu apishe kwenye nyasi. Na lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Akaongeza namba yake ya simu, kisha akakumbuka kuwa huko mtandao haushiki, akachora nyumba mbili za kupiga hodi.