Hakuna wa Kubishana Naye

Guru, rapa wa kundi la hip-hop la Gang Starr, alifariki tarehe 19 Aprili 2010, akiwa na miaka 48, baada ya kuugua saratani. Mwenzake, DJ Premier, alikuwa hajafanya naye kazi kwa miaka mingi. The Ownerz, albamu yao ya mwisho wakiwa hai wote wawili, ilitoka 2003, kisha kila mtu akashika njia yake. Mara tu baada ya kifo ikatolewa barua kwa jina la marehemu, ikisema hataki DJ wake wa zamani ahusishwe na jina lake. Familia ikaitilia shaka. Waliowahi kukaa msibani wanayajua haya: marehemu hajazikwa, maneno yameshaanza.

Wawili hawa walikuwa na namna yao ya kufanya kazi. Guru alikuwa mtoto wa Boston, mwenye sauti nzito isiyopanda wala kushuka. Premier alitoka Texas. Walikutania New York, na kwa miaka mingi kijiwe chao kilikuwa studio ya D&D, Manhattan. Mara nyingi Guru alikuja na jina la wimbo tu. Premier akalisaka biti linaloendana na jina hilo, ndipo Guru akakaa kuandika mistari. Kiitikio nacho, aghalabu, hakuna aliyekiimba: Premier alikikata kwenye santuri za watu wengine. Katika Mass Appeal, wimbo wa 1994, kiitikio ni maneno ya kundi la Da Youngsta's yaliyokwaruzwa.

Kazi yenyewe ni ya vidole. DJ hubandika kipande cha stika kwenye lebo ya santuri, kikielekea pale neno linapoanza, maana mifereji ni myembamba na sahani ikishazunguka jicho halitofautishi kitu. Mkono mmoja unaisukuma santuri mbele na kuirudisha. Mwingine uko kwenye mikisa, unaachia sauti santuri ikienda na kuifunga ikirudi. Msikilizaji anadhani ni neno moja linalorudiwa, kumbe nusu ya kazi ni kile alichofichwa. Na kila neno linaporudiwa, sindano inaula mfereji palepale. Baada ya muda neno linatanguliwa na mkwaruzo mdogo, tss, kabla ya silabi ya kwanza. Ma-DJ wanaujua sana mkwaruzo huo. Neno linalopendwa kuliko mengine ndilo linalochakaa kwanza.

Premier alikuja kuzipata sauti ambazo Guru alikuwa ameziacha, mistari aliyoirekodi juu ya mabiti ya mtu mwingine. Safari hii kazi ikaanzia mwisho. Mistari ilikuwepo tayari, na biti ndilo lililotakiwa kuifuata. Albamu ikatoka tarehe 1 Novemba 2019 kwa jina la One of the Best Yet. Wimbo uliotangulia, Family and Loyalty, una ubeti wa J. Cole, na kwenye video yake yumo mtoto wa kiume wa Guru.

Watu husema msanii hafi, sauti yake hubaki. Sibishi, ila naona msemo huo unakwepa hasara yenyewe. Sauti ya Guru ilishakuwepo kwenye albamu sita za kundi, na asiyekuwa na hizo angeweza kuzinunua. Aliyekosekana ni mtu wa kusema biti hili silitaki, tafuta jingine. Mtu wa kununa akiambiwa ubeti wa pili umepoa, kisha akarudi kwenye maiki na kuurekodi upya. Sasa Premier aliweza kuuweka mstari wowote popote, asisikie pingamizi. Alikuwa amezoea kukata sauti za wageni, na leo sauti iliyo mezani ni ya mwenzake, nayo inakubali kila kitu. Sidhani kama mtu wa fani ile aliwahi kuombea uhuru wa namna hiyo.

Mwaka huohuo wa 2010 aliofariki Guru, Panasonic ilisitisha utengenezaji wa Technics SL-1200, mashine ya kuchezea santuri ambayo karibu kila DJ wa hip-hop alijifunzia au kuitamani. Mwaka 2016 ikairudisha sokoni. Kiwanda kinaweza kughairi.

One of the Best Yet ina wageni wengi, na baadhi ya beti za Guru huisha ukiwa bado unasubiri. Haiifikii Moment of Truth ya 1998, albamu inayofungwa na wimbo wa kuwakumbuka waliotangulia, In Memory Of, Guru mwenyewe akiwa bado upande wa waombolezaji. Sikuitegemea iifikie. Premier angeweza kuitoa kama kazi yake, na angalau nusu ya madai hayo yangekuwa ya kweli. Jalada limeandikwa Gang Starr, na hapo mimi naona alitenda haki.