Pesa za Safari ya Zanzibar

Nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha Kariandusi tangu kilipoundwa hadi kilipovunjika, na kitabu cha kumbukumbu za mikutano ninacho mpaka leo. Kisa cha safari ya Zanzibar kimesimuliwa sana huku kwetu na Gilgil, na wengi wanaokisimulia hawakuwepo. Wanasema mweka hazina wetu aliungana na wakala wa safari, wakatafuna pesa za watu. Mimi nilikuwepo kwenye mikutano, nilikuwepo Nakuru pesa zilipolipwa, na nilikuwepo Mombasa tulipoambiwa kwamba hatuna nafasi. Sasa nimezeeka, na naona si haki mambo haya niende nayo.

Wengi wetu tuliishi kwa machimbo ya diatomaiti, ule udongo mweupe unaotumika viwandani kuchujia vinywaji. Asubuhi mtu alitoka nyumbani akiwa mweusi, jioni akarudi mweupe mpaka kwenye kope. Udongo huo ni mabaki ya viumbe vidogo mno vya majini vilivyotulia chini ya ziwa kubwa la kale, ambalo Elementaita ya leo ni masalio yake tu. Mwanaakiolojia Louis Leakey alipofika Kariandusi mwaka 1928 alikuta hapo mashoka ya mawe ya watu waliokaa kando ya maji hayo maelfu kwa maelfu ya miaka iliyopita. Mimi nilikuwa mwalimu, na wanafunzi wangu niliwapeleka kuyaona kila mwaka. Lakini Elementaita ni maji ya magadi, ziwa la heroe, halina meli. Wachimbaji waliokuwa wameshinda miaka ishirini katika sakafu ya ziwa lililokauka hawakuwa wamewahi kupanda chombo chochote cha majini.

Wazo lilitoka kwa akina mama. Treni ya usiku kutoka Nairobi hadi Mombasa, kisha boti hadi Zanzibar, siku chache huko, halafu turudi. Tulianza kuchanga mapema mwaka 1994, kila mwisho wa mwezi mishahara ilipotoka. Aliyechaguliwa kushika pesa alikuwa mama mmoja mjane aliyeuza nguo sokoni Gilgil. Sababu ya kumchagua ilikuwa moja: katika miaka yote aliyoshika pesa za mazishi na za harambee, hesabu yake haikuwahi kupungua.

Tarehe 29 Aprili mwaka huo feri ya Mtongwe ilizama pale Mombasa, watu wapatao 270 wakafa. Habari zile zilitingisha kikundi. Waliotaka kujitoa walijitoa, na mweka hazina akawarudishia michango yao yote siku hiyohiyo ya mkutano, mbele ya watu, kila mmoja akitia sahihi. Wakati huo pesa zilikuwa bado mikononi mwetu. Nalisema hilo kwa makusudi, maana ndipo tofauti ilipo kati ya mwanzo wa jambo hili na mwisho wake.

Tuliobaki tulikuwa 42. Watu wengi namna hiyo hawaendi kusimama dirishani kila mtu akanunua tikiti yake, kwa hiyo tukatafuta wakala. Tukampata mjini Nakuru, ghorofani, ofisi yenye picha za meli kubwa ukutani, na mwenyewe mtu wa maneno laini. Jina lake silitaji. Alitueleza utaratibu wa kundi: mnalipa arubuni ili nafasi zishikwe, mnaleta majina, kisha mnamaliza deni kabla ya tarehe fulani. Maelezo hayo yalikuwa sahihi kabisa, ndivyo kazi hiyo inavyofanyika hata leo. Jambo ambalo hakulisema ni kwamba yeye hakuwa wakala wa boti ile. Alinunua kwa wakala mwingine wa Nairobi, na huyo wa Nairobi ndiye aliyezungumza na Mombasa. Pesa zetu zilikuwa zipite mikono miwili kabla ya kufika kwa mwenye chombo, na kila mkono ulikuwa na haja zake.

Siku ya kulipa arubuni, wakala alimvuta mweka hazina pembeni. Ni desturi ya biashara hiyo kwamba kundi likifikia idadi fulani, kiongozi hupewa nafasi moja bila malipo. Akamwambia, “Hiyo ni yako, mama, wala si lazima wengine wajue.” Mama yule aliirudisha mezani palepale, mbele yangu, na katika mkutano uliofuata akaomba thamani ya nafasi hiyo igawanywe kwa watu wote 42. Imeandikwa kitabuni kwa mwandiko wangu, na mwenyekiti alitia sahihi chini yake. Mtu aliyepanga kuiba angeanza kwa kukataa kitu alichopewa kwa siri?

Risiti tuliyopewa iliandikwa kwa mkono: kiasi, tarehe, na maneno “safari ya Pwani na Visiwani.” Haikuwa na jina la boti wala siku ya kuondoka. Mama aliuliza. Akajibiwa kwamba hayo yatakuja kwenye tikiti.

Halafu likaja suala la dola. Nauli ya boti ilihesabiwa kwa dola, na mwaka 1993 shilingi yetu ilikuwa imeanguka vibaya sana, kila mtu akaona moto wake katika bei ya unga na mafuta. Kwa hiyo wakala alipotuandikia mwishoni mwa 1994 kwamba dola imepanda na kila mtu aongeze, wengi waliamini bila swali. Mweka hazina hakuamini. Alikuwa anauza nguo za mitumba, na bei ya marobota ilikuwa imemfundisha kufuatilia dola gazetini. Mwisho wa 1993 dola moja ilikuwa karibu shilingi 68, na mwisho wa 1994 ilikuwa imeshuka hadi karibu 45. Alikata kipande cha gazeti akaenda nacho Nakuru, nami nikafuatana naye. Wakala alikitazama, akasema bei ya meli haifuati gazeti, na kwamba kama hatuongezi, nafasi zitapewa wengine na arubuni hairudi.

Hapo ndipo tulipofungwa. Arubuni ya watu 42 wenye mshahara wa machimboni si pesa ya kuachwa. Mkutano ulikaa mpaka giza likaingia, na ukaamua kwa kura kuongeza. Mweka hazina alipiga kura ya kukataa. Hilo nalo limeandikwa.

Desemba 1995 tuliondoka. Sitasimulia sana treni, ingawa ilistahili: chakula cha jioni kwenye behewa la kulia, shuka safi, na wazee wa machimbo waliokataa kulala ili wasipitwe na kitu gizani. Asubuhi tukaingia Mombasa. Tikiti zetu, kwa maneno ya wakala, zilikuwa zinatungoja ofisi ya boti.

Kijana wa pale alimwamkia mama shikamoo, akafungua daftari, akapitisha kidole ukurasa mzima, akarudia. Majina yetu hayakuwamo. Kwa subira kubwa akatueleza: nafasi za kundi ziliombwa kweli, kwa jina la wakala wa Nairobi. Akapewa siku ya mwisho ya kulipa. Siku ikafika, pesa hazikuja, nafasi zikauzwa kwa wengine. “Hata arubuni hatukuiona, mama,” alisema. Boti iliyokuwepo ilikuwa imejaa. Tulipiga simu Nakuru tukaambiwa bwana amesafiri. Tukapiga Nairobi, wakasema wao walipokea nusu tu, na hiyo nusu ilikuwa ya deni la zamani.

Ukweli kamili niliupata miaka michache baadaye kutoka kwa mtu aliyekuwa karani katika ofisi ile ya Nakuru. Wakala alikuwa ametuma kundi lingine kabla yetu kwa pesa alizopokea kwa watu wengine, akabaki na deni Nairobi. Pesa zetu zilipofika alilipa nazo deni hilo, akitumaini kwamba kundi litakalokuja baada yetu lingetulipia sisi. Kundi hilo halikuja. Biashara ya namna hiyo hudumu maadamu wateja wapya hawakatiki, na anayeumia ni yule aliyesimama mwisho wa foleni. Safari hiyo mwisho wa foleni tulikuwa sisi.

Mweka hazina alikuwa amebakiza akiba ya chakula, na hiyo ndiyo iliyotulisha Mombasa na kuturudisha nyumbani. Tuliona Fort Jesus, tukavuka Likoni kwa feri kwenda na kurudi, na kuna waliosema hiyo imewatosha. Wengine walikaa kimya njia nzima, na kimya hicho ndicho kilichogeuka maneno tulipofika Gilgil. Mei 1996 MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria na mamia ya watu kuangamia, wapo waliosema Mungu alituepusha kupitia kwa yule mwizi. Sikubali. Bukoba ilizama ziwani, nayo ilikuwa chombo kingine, na msiba wa watu wale si kisingizio cha kumtakasa mtu aliyekula jasho letu.

Tulikwenda polisi, tukaambiwa hiyo ni kesi ya madai. Wakili akataja ada iliyokaribia pesa zenyewe. Sheria ya leseni za biashara ya utalii ilikuwapo tangu 1968, ila hakuna aliyewahi kutuambia tuombe kuiona leseni ya mtu kabla ya kumpa pesa. Ofisi ya Nakuru ilifungwa kabla ya mvua za masika. Mama yule aliuza ndama wake wawili akawarudishia wajane wenzake waliokuwa kikundini, bila mtu kumwagiza. Na hicho ndicho kilichomponza: watu wakasema, kama hakula, mbona analipa?

Leo kuna Mamlaka ya Kudhibiti Utalii chini ya sheria ya 2011, na Mahakama za Madai Madogo zilizoanza kazi mwaka 2021 husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, nazo zinatakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 60. Vijana wa vyama vya sasa wanaotuma pesa kwa simu, wakipanga Diani au Zanzibar, nawaomba wampigie mwenye boti au mwenye hoteli wenyewe, wamuulize kama amepokea kitu kwa jina lao, kabla ya kumalizia deni kwa wakala. Simu hiyo moja ingetuokoa.

Lakini sikuandika haya kwa ajili ya ushauri. Mama yule bado yu hai, na tangu mwaka ule hajakubali tena kushika pesa ya mtu, hata ya mazishi. Kitabu kipo nyumbani kwangu, na yeyote wa Kariandusi anayetaka kusoma, mlango uko wazi. Hakula hata senti moja.