Jikoni kwa Shangazi, Sironga

MJINI Vevey, Uswisi, kuna jumba la makumbusho ya vyakula liitwalo Alimentarium, lililofunguliwa mwaka wa 1985. Huko sijafika. Mimi nilifika Sironga, Kaunti ya Nyamira, kwa shangazi yangu, wala sikutozwa kiingilio.

Nilichotozwa ni nauli ya kiti cha magurudumu. Tulikuwa tukitoka kliniki, na makanga wa matatu akashikilia kwamba kiti ni mzigo kama gunia la ndizi. Nikamtajia Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kinachompa mwenye ulemavu haki ya kutumia usafiri wa umma. Akacheka. Tukalipa nauli ya watu wanne ilhali tulikuwa watatu: shangazi, mimi na binti yangu wa kidato cha pili.

Jiko la zamani liko nyuma ya nyumba, kuta za udongo, paa la mabati. Kwa miaka sita shangazi alilitazama kwa nje tu, kwa maana kizingiti chake kilikuwa kirefu na miguu haimbebi tena. Mwezi uliopita wajukuu walikiondoa, wakamwaga kifusi, wakashindilia udongo mwekundu juu yake hadi ukawa mteremko. Mvua ya huku iliujaribu wiki nzima, nao haukumeguka.

Basi tukaingia. "Bwairire!" shangazi akavisalimu vyungu, kana kwamba ni jirani waliopotezana.

Kila kitu kilikuwa kimeteremshwa hadi pale mkono wake unapofika. Kibuyu cha amabere amaruranu, yaani maziwa ya mgando, alikinusa kwanza kabla ya kutuonyesha. Chungu kikubwa kilikuwa cha pombe ya wimbi. Wazee walikizunguka, akasema, kila mmoja na mrija wake mrefu, na aliyekuwa na ugomvi na mwenzake alijulikana kwa namna anavyovuta. Kisha ekee, kikapu cha kuwekea obokima, ule ugali wa wimbi, usipoe upesi. Binti yangu, anayejua unga wa pakiti tu, alidhani ni kofia!

Lakini jiwe la kusagia halikuweza kuinuliwa. Limelika katikati kwa mikono ya nyanya na ya shangazi mwenyewe, na anayelitumia sharti apige magoti. Shangazi alilitazama kwa muda, asiseme neno. Halafu akampa mtoto kijiwe cha mkononi.

"Piga magoti, mwanangu. Usisukume kwa mikono, sukuma kwa mgongo."

Akamwongoza kwa fimbo yake kutoka kitini, nusu saa nzima, hadi viganja vya mtoto vikawa vyekundu. Obokima ulipoiva pamoja na chinsaga cha maziwa, ekee ikawekwa mapajani pa shangazi. Akamega, akatafuna polepole.

"Una mchanga," akasema. Kisha akaniagiza nisogeze kiti karibu zaidi na jiwe, ili kesho aone vizuri.