Matope ya Gari Dogo

Wasomaji wapenzi, mimi ni karani wa parokia huku kwetu Umatengo. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa, risiti, barua, na funguo za stoo. Chuoni nilisomea ualimu, na cheti ninacho, lakini darasa sikupata. Habari hiyo nitairudia baadaye, maana inamhusu baba yangu. Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyojifunza kupaka matope.

Najua mtacheka. Matope tunayo bure kuanzia Desemba hadi Aprili, na hakuna mtu kijijini aliyewahi kuyatamani. Lakini hebu nisikilizeni.

Miaka minne iliyopita padre mmoja mzee, mmisionari, alirudi kwao Ulaya kupumzika. Mimi ndiye niliyeandika orodha ya vitu vyake. Katika kabati la chumba chake nilikuta masanduku ya karatasi ngumu yenye picha za magari ya vita na ndege, vikopo vya rangi, brashi nyembamba kama unyoya wa kifaranga, na kitabu kimoja cha picha. Nikamwuliza, "Baba, haya niyaandike nini?" Akacheka, akasema hiyo ndiyo iliyokuwa starehe yake ya usiku. Kisha akatenga masanduku matatu, pamoja na rangi na kitabu, akanipa.

Ndani ya sanduku hakuna gari. Kuna vipande vya plastiki vilivyoshikamana na vijiti, kama matunda mabichi tawini. Unavikata kimoja kimoja, unavisugua kwa msasa, unaviunga kwa gundi inayoyeyusha plastiki kidogo mpaka vipande viwili viwe kimoja. Huko Ulaya, Marekani na Japani watu wazima, wenye wajukuu, hufanya kazi hii kwa makini kama sonara. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa ndege ya Spitfire ya namna hiyo katika miaka ya 1950, na watoto wengi walianzia hapo. Wajapani wa kampuni ya Tamiya, mjini Shizuoka, walianza na mbao, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakatengeneza kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther. Walitaka kiwe na nafasi ya mota na betri ndani yake, basi wakakikadiria kwa ukubwa wa betri. Kilipopimwa baadaye, kikaonekana ni sehemu moja ya 35 ya kifaru chenyewe. Hivyo kipimo hicho, ambacho hakuna aliyekichagua, kikawa ndicho kipimo cha magari ya vita duniani kote mpaka leo.

Sanduku moja kati ya yale matatu lilikuwa la gari la Willys, lile dogo lisilo na paa ambalo majeshi ya Marekani na Uingereza yalilitumia kila mahali katika Vita Kuu ya Pili. Viwanda vya Willys na Ford vilitengeneza zaidi ya magari 600,000 ya namna hiyo. Gari lenyewe lina urefu wa mita 3 na sentimita 33. Langu lilitoka sentimita 9 na nusu. Dereva wake, kama angekuwamo, angekuwa na urefu wa kidole changu kidogo.

Nililichagua gari hilo kwa sababu ya babu. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, dereva, na alifika Burma. Alifariki mwaka 2001, mimi nikiwa mtoto wa shule. Kuhusu Burma hakunisimulia hata neno moja. Niliyoyajua niliyapata vitabuni baada ya kukua: kwamba Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru (yule mnyama, si mtambo), iliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika makali; kwamba bonde lile lilikuwa na malaria na homa nyingine ya kuua iletwayo na wadudu wadogo; kwamba barabara zilizama katika matope, chakula kikawa kinadondoshwa kwa ndege; na kwamba mwezi wa Desemba walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, ambako lilijengwa daraja la chuma linaloelea lenye urefu wa zaidi ya mita 350, refu kuliko madaraja yote ya aina yake duniani wakati ule.

Gari lilipokwisha kuungwa nililipaka kijani, likang'aa kama sahani ya harusi. Nikaliweka mezani nikalitazama. Lilikuwa gari la mtoto tu. Sasa ndipo nilipoelewa kile kitabu cha padre. Kazi kubwa ya watu hawa, msomaji mpenzi, ni kulichakaza gari baada ya kulipaka rangi. Katika miaka ya 1970 na 1980 mabingwa kama François Verlinden wa Ubelgiji na Sheperd Paine wa Marekani waliwafundisha wenzao kwamba gari la vita lisilo na uchafu ni uwongo, na uwongo huo huonekana kwa macho.

Kwanza, rangi yenyewe. Ukichukua rangi ileile ya gari kubwa ukaipaka kwenye dogo, itaonekana nzito mno. Mnajua jinsi mlima ulio mbali unavyofifia ukawa wa bluu, ingawa miti yake ni kijani kama hii yetu. Gari dogo ni kama gari kubwa linalotazamwa kwa mbali. Kwa hiyo rangi yake lazima ipunguzwe ukali kwa kuchanganywa na nyeupe kidogo. Mimi sikujua, nikaipaka mara mbili.

Kisha unatengeneza maji ya rangi: tone la kahawia nyeusi katika tapentaini nyingi. Unagusisha brashi penye bawaba au msumari, na maji yale yanakimbia yenyewe kwenye ufa, yanakaa humo kama kivuli. Yakikauka, unachukua brashi yenye rangi hafifu, unaifuta kwenye kitambaa mpaka ionekane haina kitu, ndipo unaipitisha juu ya kingo, nazo zinaamka. Mahali chuma kinaposuguliwa unapaka risasi ya penseli kwa kidole. Rangi iliyobanduka unaigonga kwa kipande cha sponji. Wengine hupulizia dawa ya nywele kati ya rangi mbili, halafu wakalowesha ile ya juu kwa maji na kuikwangua, ikatoka vipande vipande kama rangi ya kweli. Dawa hiyo ilinibidi niiombe kwa shangazi, na maelezo niliyompa hakuyaamini.

Kosa la kila mwanafunzi ni kutu. Nililijaza gari kutu kama bati la banda la kuku. Aliyenisahihisha hakuwa fundi wa Ulaya bali dereva wa Land Cruiser ya parokia. Alikuja ofisini kuchukua risiti za mafuta, akaliona, akainama.

"Karani, gari hili limelala mtoni miaka mingapi?"

Nikamwambia limo vitani miezi minne tu.

"Basi kutu hii ni ya nini? Gari linalotembea kila siku linakwanguka, haliozi. Njoo nje."

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, naye alikuwa ametoka kigangoni. Akanizungusha gari lake kama mwalimu aliye na mwanafunzi mmoja. Akanionyesha kwamba tope halikai popote linapotaka. Tairi la mbele hulirusha nyuma, likapiga mlango katika umbo la upepeo. Chini ya madigadi ni zito na bado bichi, jeusi na lenye kung'aa. Juu limekauka, limepauka, linaanguka kama unga. Juu ya boneti hakuna tope ila vumbi, na katika vumbi hilo alama za mikono ya watu walioegemea. Rangi imeisha pale mguu wa dereva unapokanyaga akipanda, si mahali pengine. Siku ile nilijifunza zaidi kuliko katika kitabu kizima. Tangu hapo, nikisikia gari linaingia, natoka na daftari, na wageni wa parokia wanadhani naandika namba zao.

Basi nikaifuta kutu, nikaanza upya. Matope niliyatengeneza kwa plasta, rangi, na nyuzi za katani zilizokatwa kama majani. Kwanza niliyapaka nyekundu kama udongo wetu, kwa mazoea. Halafu nikajiuliza: kwani babu alikwenda Burma na udongo wa Umatengo? Picha za vita ile ni nyeusi na nyeupe, hazionyeshi rangi. Zinaonyesha tu jinsi lilivyokuwa chepechepe. Nikachagua kahawia ya kijivu, nikalilowesha kwa vanishi. Juu yake vumbi la unga wa rangi, ambalo sikulifunga kwa dawa yoyote, maana dawa hulitia weusi. Mwishowe, kwa kuwa kitabu kilionyesha hivyo, nilichoma matundu matatu ya risasi ubavuni kwa sindano ya moto. Nililiona gari zuri sana.

Hapo ndipo baba alipoingia.

Baba yangu aliuza ng'ombe wawili na kahawa ya mwaka mzima ili mimi niende chuoni. Alitaka mwalimu. Alipata karani, na kwa miaka mingi hilo lilikaa kati yetu kama kiti kisichokaliwa na mtu. Hakuwahi kunigombeza. Ila alipoona meza yangu na brashi na vikopo, alisema taratibu, "Kumbe ng'ombe wangu wamekuja kupaka rangi vitoto vya magari."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia tu, "Baba, hili ni la Babu."

Akavuta kiti. Akalishika kwa vidole viwili, akalisogeza dirishani kwenye mwanga, akanyamaza muda mrefu. Aliuliza limetengenezwa wapi. Nikasema Japani. Akacheka kidogo, akatikisa kichwa, "Wajapani!" Halafu kidole chake kikafika penye yale matundu.

"Nani kalipiga risasi?"

Nikaeleza kwamba ndivyo wanavyofanya, ili lionekane la vita.

"Babu yako alilirudisha gari lake," akasema. "Hilo ndilo alilojivunia. Aliniambia mara moja tu, mimi nikiwa kijana: wenzake wawili walikufa kwa homa, si kwa risasi, naye akawabeba nyuma, hapa." Akagusa kiti cha nyuma, kipana kama kipande cha stempu. "Na kioo hiki mbona kimesimama? Alisema walikilaza mbele juu ya boneti, wakakifunika turubai, kisimulike juani adui akaona."

Mimi nilikuwa nimeishi na babu miaka yangu yote ya utoto, sikupata kusikia hata moja kati ya hayo. Nilichokumbuka ni jinsi alivyotukemea tukiingia ndani na tope miguuni. Hata mkweche wake wa baiskeli aliuosha kila Jumamosi, spoki kwa spoki, na mlangoni pake palikuwa na ndoo ya maji sikuzote. Tulidhani ni ukali wa askari. Nilimkumbusha baba ile ndoo. Akasema, "Matope yale yalinuka, alisema. Hayakumtoka puani." Harufu, wasomaji wapenzi, haipakwi.

Usiku ule niliyeyusha mabaki ya vijiti vya plastiki katika gundi mpaka yakawa uji mzito, nikaziba matundu, nikasugua, nikapaka tena. Kioo nilikilaza, nikakifunika turubai ya karatasi laini iliyoloweshwa gundi. Rangi mpya ya ubavuni haikulingana na ile ya zamani. Ilibaki kiraka cha kijani kilichokolea. Nilitaka kuifuta yote na kuanza tena, lakini dereva wa parokia alinizuia. Alisema gari lolote lililowahi kupita kwa fundi lina kiraka kama hicho.

Kiti cha nyuma sikukiweka kitu chochote. Nilifikiria blanketi, nikaacha.

Gari sasa liko nyumbani kwa baba, kwenye rafu, karibu na nishani ya babu ambayo zamani ilikaa sandukuni imefungwa kitambaa. Alikuja kuliomba mwenyewe. Jirani wakifika anawaonyesha, na kila mara naona habari zimeongezeka kidogo: jina la rafiki wa babu, wimbo waliouimba melini. Nimeanza kuziandika, maana ukarani walau umenifundisha kuandika tarehe na majina kabla hayajapotea.

Ila kuna jambo moja. Baba analifuta gari lile kwa kitambaa kila Jumamosi. Mara ya kwanza nilikuta vumbi la boneti limekwisha. Mara ya pili milango imetakata, na lile tope la umbo la upepeo limebaki alama tu. Safari hii nimekuta tairi zinang'aa. Vumbi lile lilikuwa kazi yangu ya wiki tatu, lakini sijamwambia.