Chumvi Juu ya Theluji: Siku Zetu Minneapolis

Sisi watu wa pwani tumekulia na chumvi. Tumeionja midomoni pepo za kusi zinapovuma, tumeiona iking'aa mabwawani kule Gongoni, na mama zetu wametufunza kuipima kwa ncha za vidole, isizidi wala isipungue. Hata hivyo, hatukupata kuiona ikimwagwa barabarani kwa malori mpaka tulipofika Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani, mwezi wa Januari, kumzuru shangazi yetu.

Ni mji wa maziwa na wa mto Mississippi. Wakati huo maziwa huwa yamefunikwa na barafu nene, hata watu hutembea juu yake na kutoboa matundu ili wavue samaki. Waislamu ni wengi, hasa ndugu zetu wa Kisomali. Na tangu mwaka 2023 baraza la mji limeruhusu adhana isikike kwa vipaza sauti kwa sala zote tano. Tulipoisikia katika baridi ile, machozi yalitulenga.

Lakini kutoka mlangoni hadi msikitini ni mwendo wenye hatari. Theluji ikikanyagwa hugeuka barafu laini kama kioo. Miaka miwili iliyopita shangazi aliteleza ngazini akavunjika kifundo cha mkono. Tangu siku hiyo mwanawe humwaga chumvi vidatoni kama mtu awapaye kuku mtama, gunia baada ya gunia. Nasi tuliona ana haki. Nani asiyeihofia mifupa ya mamake?

Aliyetuzindua ni mzee wa Kisomali anayeangalia jengo lile, ambaye zamani aliishi Eastleigh, Nairobi, na Kiswahili chake hakijapotea. Alikuwa amehudhuria mafunzo yanayotolewa na idara ya mazingira ya jimbo kwa watu wa kazi yake. "Mama," alimwambia shangazi kwa upole, "barafu itayeyuka iende zake. Chumvi hii haina pa kwenda ila ziwani."

Akatueleza. Chumvi huyeyusha barafu hata katika baridi ambayo maji matupu yangeganda. Kisha huchukuliwa na mifereji ya mvua hadi vijitoni na maziwani bila kuchujwa, na nyingine huzama hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Kloridi iliyomo haiozi, na kuiondoa majini ni gharama isiyobebeka. Kijiko kimoja cha chai hutosha kuharibu galoni 5 za maji, yaani kama debe moja. Kipimo kilichowekwa huko ili viumbe wa majini wasidhurike kwa muda mrefu ni miligramu 230 za kloridi kwa lita. Maji ya chumvi, kwa kuwa ni mazito, hutuama chini ya ziwa, na yakizidi huzuia maji ya juu yasichanganyike nayo. Oksijeni hupungua huko chini, samaki wakakosa pumzi. Magari na madaraja nayo huliwa na kutu.

"Je, mzazi aachwe ateleze?" tukauliza.

"Hasha!" akajibu. "Kwanza beleshi. Theluji iondolewe kabla haijakanyagwa. Kisha chumvi itawanywe, punje zikiachana. Kikombe kimoja cha kahawa hutosha vipande 10 vya njia ya miguu. Na baridi ikipita nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida haifui dafu. Nyunyizeni mchanga, nyayo zishike."

Shangazi hakuridhika upesi. "Maneno hayaungi mfupa," alisema. Basi tukaafikiana kwamba kila alfajiri, kabla yeye hajatoka, sisi na mwanawe tutapokezana beleshi. Siku ya nne alishuka mwenyewe, mkono ukishika chuma cha ngazi, kidato baada ya kidato, mpaka chini. Hakuteleza.

Tukimtazama, tulivikumbuka visima vya kwetu vilivyogeuka chumvi. Tuliwakumbuka watu wa Lamu, wanaojua kwamba maji yao matamu yamehifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Kwetu bahari huingia kisimani maji matamu yakivutwa kupita kiasi. Kule chumvi humwagwa kwa mkono wa mtu aliyeogopa. Njia ni mbili, hasara ni moja. Na kisima kikishaharibika, mara nyingi mwanamke ndiye abebaye ndoo kutoka mbali.

Siku ya kuagana vidato vilikuwa vikavu. Tulimkuta shangazi akizifagia punje zilizobaki na kuzitia katika mkebe wa maziwa ya unga. "Hizi zitatufaa theluji nyingine," alisema, akafunika mkebe.