DAFTARI NI LA NANI?

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii tunaijua sote. Lakini je, daftari likiwapo, nalo limefungiwa kabatini, na mwenye mali akakatazwa kulisoma, itakuwaje? Nitakusimulia habari hiyo. Niliiona kwa macho yangu. Na mimi mwenyewe nilikuwa na kosa ndani yake.

1. Trekta bondeni

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nafanya kazi katika vijiji vya Ufipa, si mbali na mji wa Sumbawanga. Huku kwetu juu kuna baridi na upepo. Watu wanalima mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Wakati wa kiangazi wanalima mboga mabondeni, mahali ambapo maji hayakauki upesi.

Januari 2022 tulifungua darasa la kisomo katika kijiji kimoja. Wanakisomo walikuwa 26. Wengi wao walikuwa akina mama. Tulikutana shuleni alasiri, watoto wakiisha kwenda nyumbani. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao.

Mwezi wa Novemba mvua zilianza. Siku moja trekta liliingia bondeni. Lililima bustani za watu kumi na mmoja. Bustani moja ilikuwa ya mama mmoja wa darasa letu, mjane. Kabichi na vitunguu vya bustani hiyo vilimnunulia mbolea ya mahindi kila mwaka.

Watu walimwuliza mwenye trekta. Alijibu, "Kijiji kimenipa ekari 40. Mkutano mkuu ulikubali. Muhtasari upo."

Watu walitazamana. Hapakuwa na mtu aliyeukumbuka mkutano huo.

Wazee watatu walikwenda kuuliza. Waliambiwa kwamba muhtasari umepelekwa katika ofisi moja ya serikali mjini. Wakachanga nauli, wakaenda. Karani wa masjala aliwatazama, akasema, "Hizo ni nyaraka za serikali. Hazionyeshwi kwa kila mtu. Rudini nyumbani."

Wazee wakarudi. Nauli ilikuwa imekwisha, na neno hawakulipata.

2. Serikali ni nani?

Siku iliyofuata tulikuwa na somo la hesabu. Hapakuwa na mtu aliyetaka hesabu. Yule mama mjane alisimama.

"Mwalimu," alisema, "karani anasema nyaraka ni za serikali. Serikali ni nani?"

Nilinyamaza. Ndugu msomaji, nitasema kweli. Niliogopa. Mimi nami nala mshahara wa serikali. Nilifikiri, nikiwasaidia watu hawa, je, wakubwa hawatasema kwamba nachochea wananchi? Nikajibu, "Mama, hilo tutalizungumza siku nyingine."

Usiku sikulala vizuri. Kesho yake nilitafuta sheria, nikasoma. Niliona mambo manne.

La kwanza: Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 18, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kupewa habari za mambo muhimu kwa maisha ya wananchi.

La pili: ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016. Sheria hii inampa raia haki ya kuomba taarifa katika ofisi ya umma. Ofisi inatakiwa kujibu katika siku zisizozidi 30. Ikikataa, inatakiwa itoe sababu kwa maandishi. Mwombaji asiporidhika, anaweza kumwomba mkuu wa ofisi aupitie uamuzi huo. Na juu yake zipo ngazi nyingine. Hata asiyejua kuandika anaweza kueleza ombi lake kwa mdomo, na ofisi ikamwandikia.

La tatu: si kila taarifa hutolewa. Siri za ulinzi wa nchi hazitolewi ovyo. Mambo ya ndani ya mtu, kama ugonjwa wake, nayo hulindwa. Lakini muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji si siri ya ulinzi. Mkutano mkuu ni wa watu wazima wote wa kijiji. Walichokisema wenyewe kitakuwaje siri kwao?

La nne: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kukubali kwanza. Ndiyo sababu muhtasari ule ulikuwa na thamani kubwa. Bila karatasi hiyo, trekta lisingekuwa na njia ya kuingia bondeni.

Nilirudi darasani. Nikamwambia yule mama, "Jana nilikukimbia. Leo nakujibu. Karatasi ile inatunzwa na ofisi, lakini habari iliyomo ni yenu."

3. Barua

Tuliacha hesabu. Tukafanya somo la barua. Kila mtu aliandika kwenye daftari lake. Kisha tukachagua maneno yaliyo mafupi na wazi. Wengine walitaka kuandika maneno makali. Mzee mmoja akasema, "Matusi hayafungui kabati." Tukayafuta.

Barua ilikuwa hivi:

"Sisi wananchi wa kijiji hiki tunaomba nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliogawa ekari 40 za bondeni, pamoja na orodha ya waliohudhuria. Tunaomba kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Tuko tayari kulipa gharama ya kutoa nakala. Tukikataliwa, tunaomba sababu kwa maandishi."

Watu kumi na mmoja wa bondeni walitia sahihi. Tuliandika nakala mbili. Jumatatu, tarehe 5 Desemba 2022, wazee walizipeleka mjini. Niliwaambia neno moja: "Msirudi bila muhuri." Karani alipokea nakala moja. Nakala ya pili akaigonga muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Hiyo ikarudi kijijini. Yule mama aliihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na kadi yake ya kliniki na kadi ya kupigia kura.

4. Siku thelathini

Tulichora mistari 30 ubaoni. Kila siku mwanakisomo mmoja alifuta mstari mmoja. Hesabu ile tuliyoiacha ikarudi yenyewe.

Siku zilipita. Majibu hayakuja. Watu wakaanza kukata tamaa. Kijana mmoja alisema, "Sisi ni watu wadogo. Nani atatujibu?"

Nikawasimulia habari ya jirani zetu wa Kenya. Serikali yao ilikopa fedha nyingi China, ikajenga reli mpya kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Reli ilianza kazi mwaka 2017. Wananchi waliomba kuona mikataba. Wakakataliwa. Mwaka 2021 raia wa Mombasa, Khelef Khalifa, na mwenzake walikwenda mahakamani. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba kuwanyima wananchi taarifa hizo ni kuvunja haki yao, ikaamuru zitolewe. Novemba mwaka huohuo waziri wa uchukuzi alitoa hadharani baadhi ya mikataba.

"Mkataba wa reli ya nchi nzima umeonekana," niliwaambia. "Sisi tunaomba karatasi za bonde moja."

Tarehe 4 Januari 2023 mstari wa mwisho ulifutwa. Tarehe 5 wazee walipeleka barua ya pili. Hii ilikwenda kwa mkuu wa ofisi mwenyewe. Tuliambatisha nakala ya barua ya kwanza, yenye muhuri. Hatukumlalamikia karani. Tuliandika tu: tuliomba tarehe hii, siku 30 zimepita, hatukujibiwa, tunaomba utusaidie.

Muhuri ule ulifanya kazi kuliko maneno yetu. Hapakuwa na mtu aliyeweza kusema barua haikufika. Wiki tatu baadaye wazee waliitwa. Walilipia nakala, wakapewa karatasi nne.

5. Dole gumba

Karatasi hizo zilisomwa darasani. Niliwaacha wasome wenyewe. Walisoma polepole, silabi kwa silabi. Muhtasari ulisema kwamba mkutano ulifanyika tarehe 6 Agosti 2022, na kwamba watu wote walikubali. Karatasi mbili za mwisho zilikuwa na majina. Mbele ya majina mengi palikuwa na alama ya dole gumba.

Yule mama mjane alipitisha kidole chake juu ya orodha. Kidole kikasimama.

"Hili ni jina langu," alisema. "Na hapa pana dole gumba. Lakini mimi sikupiga dole."

Mtu mmoja akasema, "Labda umesahau."

Mama akainua kichwa. "Mwezi wa Agosti nilikuwa nimekwisha jua kuandika jina langu. Tangu siku niliyojua, sijapiga dole tena. Kwa nini nipige dole, nami najua kuandika?"

Darasa zima likanyamaza. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, wewe una daftari ambalo tulitia sahihi tulipopokea vitabu. Ilikuwa mwezi wa Machi. Tunaomba daftari hilo liletwe kwenye mkutano, watu waone."

Ndugu msomaji, unadhani nilijibu nini? Nilisema, "Mama, daftari hilo ni mali ya ofisi. Haliruhusiwi kutoka."

Yalikuwa maneno ya karani. Yalitoka katika kinywa changu.

6. Daftari langu

Kwa nini nilikataa? Kwa sababu kurasa za nyuma za daftari hilo zina ratiba ya ukaguzi wangu. Nilikuwa nimeandika kwamba nililitembelea darasa siku tatu za mwezi wa Aprili. Siku hizo sikufika. Mvua ilikuwa kubwa, njia iliharibika, nikabaki mjini. Lakini nikaandika kwamba nimefika. Mwalimu wa darasa hakusema neno, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake.

Basi nikaelewa jambo ambalo sheria haikunifundisha. Anayeficha daftari si lazima awe mwizi wa mali nyingi. Pengine anaficha aibu yake ndogo. Lakini ndani ya kabati hilohilo imefungwa haki ya mtu mwingine.

Yule mama hakunigombeza. Alisema taratibu, "Kwa umri wewe ni mwanangu. Ulitufundisha kuomba. Sasa tunakuomba."

Nilikwenda kwa mkubwa wangu, nikamweleza habari zote, pamoja na zile siku tatu. Nilionywa kwa barua. Barua hiyo imo katika faili langu mpaka leo. Nikapewa ruhusa, nikalipeleka daftari kwenye mkutano mkuu.

Ukurasa ulifunguliwa mbele ya watu. Tarehe 14 Machi 2022. Jina la mama liliandikwa kwa mkono wake, herufi kubwa, zimepinda kidogo kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Watu wakaliangalia. Kisha wakaangalia dole gumba la Agosti. Wengine wanane wakasimama, wakasema kwamba hata wao hawakuhudhuria.

Mkutano mkuu uliukataa muhtasari ule. Trekta halijarudi bondeni. Shauri lilipelekwa kwenye vyombo vya ardhi, nako mambo huenda polepole. Siwezi kukuambia kwamba kila kitu kimekwisha. Lakini mwaka uliofuata mama alipanda vitunguu.

7. Ubao wa matangazo

Kuna habari ya Uganda ambayo hunifurahisha kuifundisha. Wataalamu walichunguza fedha ambazo serikali ilizituma kwa shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995, mbali na mishahara. Waliona kwamba kwa wastani, katika kila shilingi 100, ni shilingi 13 tu zilizofika shuleni. Baadaye serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kubandika hesabu mahali pa wazi. Wazazi wakajua cha kuuliza. Fedha zilizofika shuleni zikaongezeka sana.

Kijiji chetu nacho sasa kina ubao wa matangazo chini ya mti, karibu na ofisi. Mihtasari ya mikutano hubandikwa hapo, pamoja na mapato na matumizi. Mvua ikinyesha, wanakisomo hukimbia kuzitoa karatasi zisilowe. Ratiba yangu ya ukaguzi nayo hubandikwa hapo. Nisipofika, kila mtu huona.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Uliza kwa adabu. Uliza kwa maandishi. Tunza nakala yenye muhuri. Hesabu siku. Na siku ambayo ufunguo wa kabati utakuwa mkononi mwako, ukiwa katibu wa kikundi au mweka hazina wa kisima, mkumbuke yule mama. Mfungulie.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini wazee hawakupata muhtasari safari ya kwanza?
2. Muhuri kwenye nakala ya barua ulisaidia nini?
3. Mwandishi alikataa kutoa daftari. Je, kosa lake ni sawa na la karani? Elezeni.
4. Taja taarifa moja ambayo si haki kuitoa hadharani. Kwa nini?
5. Katika kijiji chenu, ni taarifa gani mngependa kuiona? Andikeni barua fupi ya kuiomba.

MAANA YA MANENO

Muhtasari: maandishi mafupi ya mambo yaliyosemwa na kuamuliwa mkutanoni.
Masjala: chumba cha ofisi ambamo barua hupokelewa na mafaili hutunzwa.
Nakala: karatasi ya pili yenye maneno yaleyale ya karatasi ya kwanza.
Kuambatisha: kuweka karatasi moja pamoja na nyingine ili ziende pamoja.